Ampu kubwa, waya wa bei mbaya au spika: kipi kinabadili sauti kweli?

Mtoto wa Nkuhungu
Wakuu, salaam. Nina laki saba za kuboresha muziki wa nyumbani. Duka moja hapa mjini wameniambia spika zangu zinatosha, nichukue ampu (kikuza sauti) kubwa na waya "wa studio" wa laki mbili na nusu. Jamaa mwingine anasema pesa yote iende kwenye spika. Keshokutwa nalipia. Mnanishaurije?

Fundi Makole
Mkuu, hapo hujasema kitu. Spika za ohmu ngapi, yaani zinazuia umeme kiasi gani? Chumba kina ukubwa gani? Muziki unatoka kwenye simu, flashi au wapi?

Chilonwa
Na sakafu ni ya nini? Anza na hilo.

Mtoto wa Nkuhungu
Spika mbili za mtumba, ohmu 8, twita (kispika kidogo cha sauti nyembamba) ya kushoto inakwaruza. Chumba kama mita 4 kwa 5, vigae chini, madirisha ya aluminiamu, pazia jepesi. Natumia bluetooth ya simu.

Fundi Makole
Waya achana nao. Kwa umbali wa mita 5, umeme unaenda na kurudi mita 10. Waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5 unazuia kama ohmu 0.07 tu, mbele ya spika ya ohmu 8. Ila kwangua kwa kisu kwanza. Ukiona weupe ndani, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba.

Sauti Safi
Napinga. Nilibadilisha waya tu, besi ikashiba. Sikio langu nalijua.

Fundi Makole
Sikio linadanganyika upesi, kaka. Sauti ikizidi kidogo tu, unaiona nzuri zaidi. Sawazisha sauti, mwenzio awe anabadilisha waya bila wewe kuona, kisha utuambie. Huko Marekani, Meyer na Moran walichapisha jaribio mwaka 2007: muziki wa ubora unaozidi CD ulishushwa hadi kiwango cha CD, na kwa sauti ya kawaida wasikilizaji hawakutambua tofauti. Si jaribio la waya, ila funzo ni lilelile.

Sauti Safi
Hao hawakuwa na masikio yangu.

Dada wa Kisasa
Mdogo wangu, kwenye ampu uwe macho. Niliuziwa moja imeandikwa wati 2000 mbele, mataa kibao, muuzaji anaapa itatikisa mtaa. Ilikuwa kwa ajili ya kipaimara cha binti yangu, watu wamejaa uani. Tulipoongeza sauti ikaanza kupasuka, sauti za waimbaji zikawa kama wanafoka, na kabla ya chakula twita zote mbili zimeungua. Fundi akaigeuza akanionyesha nyuma: inakula wati 150. Sasa inakula 150 itoe 2000? Ampu ilizidiwa, ikawa inakata vilele vya sauti, na hicho ndicho kilichochoma twita. Kurudi dukani wakaniambia gerentii haihusu spika. Soma nyuma, usisome mbele!

Fundi Makole
Umenena, dada. Na kutoka wati 50 kwenda 100 unaongeza desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 tu. Mtu anategemea mara mbili, haipati.

Chilonwa
Mimi nasema zulia zito na mapazia mazito kabla ya kifaa chochote. Chumba cha vigae na vioo kinarudisha mwangwi, ukiweka spika ya milioni italia vilevile. Halafu mkuu, hiyo twita inakwaruza ukipiga nini?

Mtoto wa Nkuhungu
Zaidi nyimbo za marehemu Hukwe Zawose, yule mwanamuziki wa Kigogo wa Dodoma.

Chilonwa
Basi usiihukumu bado. Ilimba ya Kigogo, ala yake ya vyuma inayopigwa kwa vidole gumba, hutobolewa tundu likazibwa utando wa buibui makusudi, ili ivume kwa mkwaruzo. Ndiyo utamu wake. Hiyo sauti ni ya kwetu.

Fundi Makole
Badilisha waya za spika: wa kushoto uende kulia, wa kulia uende kushoto. Mkwaruzo ukihama, spika haina kosa. Ukibaki kushoto, twita imekwisha.

Mtoto wa Nkuhungu
Umeme ukirudi najaribu. Stabilaiza nayo inasaidia sauti?

Sauti Safi
Sana! Yangu ilisafisha sauti siku ileile.

Fundi Makole
Inalinda ampu umeme ukipanda. Sauti haiigusi.

Dada wa Kisasa
Chilonwa, anayetengeneza ilimba za kweli yuko wapi siku hizi? Binti anataka kujifunza.

Chilonwa
Njoo inbox, dada.