Mnamjuaje mgombea kuwa ni mtu wa kwetu kweli?

Muuza Nyanya, Kongowea:
Hamjambo ndugu zangu. 2022 niliipigia kura wilibaro, alama ya chama cha Ruto, na sikusoma manifesto hata ukurasa mmoja. Ni ile habari ya Ruto kuuza kuku kwenye kivuko cha reli. Marehemu mume wangu alisukuma mkokoteni hapa sokoni miaka 11, basi nilipoiona wilibaro kwenye bango nilisema huyu anatujua. Kwamba alikuwa naibu wa rais tangu 2013 nilikuwa nalijua, ila moyo haukutaka kulisikia.

Mwaka huohuo mgombea wa wadi alikuja akakalia kreti yangu, akaagiza muhogo kwa jirani, yeye na vijana wake. Alishika kipande mkononi bila kukila mpaka mpiga picha akawa tayari. Wakaondoka hawajalipa. Niliyaona haya kwa macho yangu na bado nikampa kura, kwa kuwa aliniita kwa jina la mwanangu. Linaniuma. Nyinyi huwa mwatazama nini?

Mvuvi wa Likoni:
Pole dadangu. Mimi natazama ulimi. Marehemu Raila akisema "Kitendawili!" uwanja mzima wajibu "Tega!", na hapo ashakuwa mtu wa barazani kwenu. Babake alikuwa makamu wa kwanza wa rais wa Kenya, lakini hata mchukuzi wa bandarini alimwita Baba. Watu hawahesabu mali ya mtu, wahesabu anavyowasemesha. Tazama 2022: Ruto asilimia 50.49, Raila 48.85. Hasla, yaani Ruto, na Baba waligawana nchi karibu nusu kwa nusu.

Kijana wa Tanga:
Shikamoo mama. Huku 2015 Magufuli alipiga pushapu jukwaani, wakati maneno ya mitaani yalikuwa juu ya afya ya Lowassa, mpinzani wake. Bila kutaja ugonjwa wa mtu, kila mmoja alielewa. Mimi pushapu hazikunigusa. Kilichonigusa ni Desemba 9 mwaka ule, alipookota taka kwa mikono yake jijini Dar. Kura zilikuwa zimeshahesabiwa, hakuwa na haja ya kuniomba kitu.

Binti wa Kisauni:
Mama, usijilaumu. Hasla huyohuyo aliitwa Zakayo kabla hajamaliza miaka miwili ikulu. Nani asiyemjua mtoza ushuru wa kwenye Biblia aliyepanda mkuyu? Jina lilishika kwa sababu bei ya unga ilikuwa ishatuandaa kulisikia.

Muuza Nyanya, Kongowea:
Ahsanteni, na marahaba mwanangu wa Tanga. Jioni hii nimekwenda kwa jirani wa muhogo. Kafungua daftari la madeni: shilingi 240, hazijakatwa mstari. Nimemwomba asilitupe daftari hilo hata likijaa. 2027 mgombea yule akija tena, atakuta kreti imegeuzwa kwa ajili yake na ukurasa uko wazi.