Naomba ushauri: ANA yangu (kipimo cha damu cha kingamwili zinazoshambulia mwili wenyewe) ni 1:640, nirudie kipimo maabara nyingine?

Kando ya Ziwa: Wadau, niko Kisumu, miaka 29. Mwaka jana vidole viliniuma hadi nikashindwa kusonga ugali, nywele zikakatika, mashavu yakatoka upele. Daktari akasema lupasi, yaani kinga ya mwili inajishambulia yenyewe, ANA 1:640. Wiki jana nimerudia, bado 1:640. Dawa imeshindwa ama maabara ndiyo mbovu? Nani anajua nyingine ya bei nafuu?

Baba Tunu: Maabara za mjini! Mimi mwaka mmoja niliambiwa nina taifodi mara tatu. Mara ya nne nikakataa kulipa, nikapona.

Fundi wa Damu: Nafanya maabara. Pesa ya kurudia ANA nunulia samaki. Ikishakuwa chanya kwa kawaida hubaki hivyo hata ugonjwa ukitulia, na kuna watu wenye afya kabisa wanayo. Kinachofuatiliwa ni kingamwili za dsDNA (zinazoshambulia DNA ya mwili) zikipanda, na protini za kinga C3 na C4 zikishuka, maana mwili unazimaliza vitani. Halafu protini kwenye mkojo. Zako zikoje? Na unakunywa nini?

Kando ya Ziwa: C3 ilikuwa chini, zingine sikumbuki. Niliandikiwa prednisoloni na haidroksiklorokwini.

Boda Nyamasaria: Hiyo ya pili si dawa ya malaria? Basi Kisumu yote tungekuwa tumepona viungo 😂

Fundi wa Damu: Ilianzia kwenye malaria, ndiyo. Dada, nimeuliza UNAKUNYWA nini, si uliandikiwa nini.

Kando ya Ziwa: Niliacha zote, miezi miwili sasa. Prednisoloni ilinifurisha uso kama andazi. Mama mkwe anasema hii ni chira, laana ya kuvunja mwiko, mume wangu alijenga kabla ya kaka yake. Nanywa manyasi, dawa ya mitishamba, na maumivu yamepungua, kwa hivyo msinihukumu. Mbuzi tumeshatoa. Ni mkojo tu unatoa povu.

Min Akinyi: Povu! Dada yangu alianza hivyo hivyo, tukasema ni sabuni ya choo. Nyinyi wasichana mnaogopa kioo kuliko jeneza.

Jicho la Tatu: Ngojeni. Akaunti hii mwezi wa tatu ilikuwa inauza injini ya boti pale Dunga, ikisema "mimi kama mwanamume". Leo ina mama mkwe?

Boda Nyamasaria: Nilijua! Hadithi imepangika sana.

Baba Tunu: Na mimi nilishaanza kumwombea. Nirudishiwe maombi yangu.

Kando ya Ziwa: Akaunti ni ya mume wangu. Injini ndiyo iliyolipia hivyo vipimo.

Fundi wa Damu: Hata kama ni uongo, kuna mwenye povu anasoma hapa. Kuacha prednisoloni ghafla ni hatari, mwili unakuwa umezoea kutojitengenezea homoni yake inayofanana na dawa hiyo. Na povu laweza kuwa figo. Nenda kesho kwa aliyekuandikia, beba karatasi zote, na manyasi uyataje.

Kando ya Ziwa: Jumapili tunamalizia tambiko la chira kule Siaya. Nikirudi.

Min Akinyi: Leo ni Jumatano, mama.

Boda Nyamasaria: Ile injini ilienda kwa ngapi?