Nipo UK kwa Chevening (ufadhili wa masomo wa serikali ya Uingereza), lazima nirudi Bongo miaka 2, kazi za misaada nje ndo basi tena?

Binti_Pwani:
Habari zenu wakuu. Nasoma masta ya maendeleo huku Uingereza, namaliza Septemba, na masharti ya Chevening mnayajua, ukimaliza unarudi kwenu miaka 2. Tangu sekondari natamani kazi za kibinadamu, Sudan Kusini, Kongo, popote. Wenzangu darasani, Wajerumani na Waholanzi, wanaomba zile nafasi za JPO (maafisa vijana) za UN ambazo serikali zao zinawalipia, mimi wa kunilipia simuoni. Na tangu USAID, shirika la misaada la Marekani, lifungwe 2025 wazoefu wako mtaani wanagombea kazi hizo hizo. Hiyo miaka 2 nyumbani si ndo nitakuwa nimeshaachwa?

Mzee_wa_Bomba:
Mdogo wangu rudi tu, wala usiogope. Mimi nimepiga kazi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kasulu miaka minne, kitengo cha maji. Kambi ipo tangu 1996, walianza Wakongo, 2015 Warundi wakamiminika. Darasani mnasoma kiwango cha chini cha maji, lita 15 kwa mtu kwa siku, bomba moja watu 250, sawa, ila simama bombani saa 11 alfajiri uone madumu ya njano yamelala foleni tangu usiku, hili limefungwa kitambaa hili limechorwa msalaba ili mwenyewe alijue, halafu kuna mama ana watoto sita na dumu moja tu la lita 20, yaani kufikisha hizo lita zenu apange foleni zaidi ya mara tano. Maji yapo, cha kubebea hana! Intavyuu ya kazi ya Juba, Sudan Kusini, niliwaeleza habari ya madumu, masta hawakuiuliza kabisa.

Nakuru_Dada:
Kweli kabisa. Na pia kuna zile nafasi za UN za maafisa wa kitaifa, ni za raia tu, Mjerumani hapo hagusi, anzia hapo kisha uombe za nje. JPO usiikatie tamaa, Uholanzi hufadhili hata vijana wa nchi zinazoendelea, fuatilia. Kiswahili cha Goma na Bukavu, mashariki mwa Kongo, unacho tayari, ongeza Kifaransa cha kuandikia ripoti.

Kibarua76:
Mimi nakutahadharisha tu dada, mikataba ni ya miezi mitatu mitatu, mfadhili akijitoa mnaambiwa Ijumaa Jumatatu msije. Nimekaa miezi minane nyumbani na watoto wanasoma. Weka akiba mapema.

Binti_Pwani:
Asanteni sana jamani, pole kaka Kibarua. Leo nimemuomba msimamizi nibadilishe mada ya tasnifu, niandike kuhusu vyombo vya kubebea maji kambini. Mzee wa Bomba, yule mama alipata dumu la pili?

Mzee_wa_Bomba:
Alipata mawili. Ila tulichelewa, ilichukua miezi minne. Hilo nalo liandike.