Ushauri: Krismasi hii tunapanda Old Moshi na mama yangu wa Pangani. Mbuzi atachinjwa na nani?

MgosiBweni (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu kidogo, mnivumilie.

Mimi ni Mwislamu wa Pangani, mke wangu ni Mchaga wa Old Moshi, Mlutheri. Ndoa tulifunga bomani, wazee wa pande zote walinuna kidogo, kisha wakala pilau. Tangu hapo sikukuu tumekuwa tukigawana bila maneno mengi: Desemba mke anapanda na watoto kwenda "kuhesabiwa", yaani kukusanyika kwao na ukoo, mimi nabaki Dar kulinda nyumba, Idi tunateremka wote Pangani.

Mwaka huu mpango huo umekufa. Baba mkwe alitangulia mbele za haki mwaka jana, na mama mkwe ametoa tamko: Krismasi anataka watoto wote, wakwe wote na wajukuu wote kihambani (kwenye shamba la ukoo), kaburi la mzee limaliziwe na ibada ya shukrani ifanyike. Shemeji yangu anayeishi Leipzig anakuja na mkewe Mjerumani na watoto wao wawili. Na mama yangu mzazi, ambaye tunaishi naye tangu miguu ilipoanza kumsumbua, hawezi kubaki peke yake. Mama mkwe mwenyewe kasema, "Mleteni, nyumba ni kubwa."

Sasa kazi iko hapa. Wajomba wa mke wanataka ndafu (mbuzi mzima wa kuchoma), wanataka na kisusio (supu ya damu ya mbuzi). Mmoja wao anashikilia kwamba mbuzi wa ukoo hapigwi kisu cha shingo, anazibwa pumzi kama walivyofanya babu zao. Mama kazipata hizo habari (sijui nani kampa) na amesema atakwenda, ila na mchele wake, dagaa wake na sufuria yake. Mke wangu kakasirika kweli. Kwake yeye mkwe kuja na sufuria ni sawa na kuwaambia wenyeji kuwa vyombo vyao ni najisi.

Kuna mbege pia, ile pombe ya ndizi ya Wachaga. Pipa litakaa uani na wazee watakaa sebuleni na kata zao, mama anaswali swala tano na hajawahi kulala nyumba yenye pombe. Halafu ananiuliza, tangu lini mama wa mume akaenda kulala kwa wakwe wiki nzima?

Mke wa shemeji naye kauliza kwenye kundi la WhatsApp la familia kama zawadi za watoto zitafunguliwa tarehe 24 jioni. Wale watoto wengine wote wamezoea nguo mpya na soda tarehe 25 baada ya ibada, mambo ya zawadi za kufunga kwa karatasi hawayajui. Hakuna aliyemjibu mpaka leo.

Naomba ushauri wa waliopitia. Wa "ulijitakia" apite tu, nimeshamsikia.

Kiburu_Sinia

Mgosi umeoa Old Moshi halafu unaogopa mbege? Nimevuta kiti, naomba na karanga.

ShangaziWaUru

Mleta uzi, nianze na sufuria maana hapo ndipo mtakapogombania, hayo mengine yatapita.

Mama yako asibebe sufuria. Mwambie mkeo aongee na mama yake, huyo bibi anunue sufuria mpya na mwiko mpya, na siku mnafika amkabidhi mama yako mbele ya watu: "Mkwe, hii ni yako hapa nyumbani." Chombo ni kilekile, ila kikitoka mkononi mwa mwenyeji kinakuwa heshima. Hata akiondoka kibaki pale pale, ni cha kwake.

Pili, asikae chumbani kama mgonjwa. Abebe nazi na vileja na visheti vya kutosha, maana mkono mtupu haulambwi. Jikoni kwetu kiburu ni ndizi na maharage, hakina nyama wala hakina mgogoro, hicho anakula siku ya kwanza bila kuuliza swali. Halafu naye awapikie siku moja, samaki wa nazi au chochote cha kwenu. Nimeona wakwe waliokuwa hawasalimiani wakiteta siri jikoni kwa sababu ya kukuna nazi.

Sweta na shuka nzito msisahau. Sisi tunasema Desemba ni joto, mtu wa Pangani atatetemeka usiku.

AbuSwaleh_Tanga

Assalaam alaykum. Ndugu yangu, nitasema ninalolijua kwenye chakula.

Surat al-Maida aya ya 3 imetaja wazi vilivyoharamishwa: nyamafu, damu, nyama ya nguruwe, na mnyama aliyekufa kwa kunyongwa. Kwa hiyo mbuzi wa kuzibwa pumzi hapo hakuna mjadala, mama yako ana haki asimguse. Aya ya 5 ya sura hiyohiyo imehalalisha chakula cha waliopewa Kitabu, na wanazuoni wengi wanachukua kwamba Mkristo akichinja shingoni ipasavyo, Mwislamu anakula. Lakini mama ni mtu mzima, moyo wake hautatulia kwa hoja za kitabu, utatulia akijua nani ameshika kisu. Tafuteni Mwislamu achinje, mambo yaishe.

Kuhusu mbege: asinywe, asiagizwe kuimimina wala kuibeba. Kuwapo uani kwa watu wengine si dhambi yake.

Mchungu_Kweli

Mnazunguka. Mnachanganya dini mnaita upendo. Watoto wenu watakuwa hawajui wao ni nani, leo msikitini kesho kwenye mti wa Krismasi. Chagueni moja.

MgosiBweni

Mchungu_Kweli, watoto wanajua baba yao anaswali wapi na mama yao anasali wapi. Mimi nimeuliza habari ya mbuzi.

MekuMstaafu

Vijana, mnisikilize. Mimi ni wa hukohuko mlimani, nimezaliwa chini ya migomba ya Kidia.

Huyo mjomba wa kuziba pumzi ana hoja moja tu inayomsumbua, nayo ni damu. Anaogopa kuwa mbuzi akichinjwa shingoni damu itamwagika chini na kisusio kitakosekana. Mwambieni hivi: achinje Mwislamu, na pembeni kijana asimame na bakuli, aikinge damu inapotoka. Nyama imekuwa halali kwa mkwe, na wazee wamepata damu yao, wataipika kwenye chungu chao pembeni. Mbuzi mmoja, vyungu viwili. Nimeona ikifanyika hivyo kwenye harusi na misiba mingi, wala si jambo geni. Akiendelea kugoma, mama mkwe wako ampelekee jani la isale, ambalo kwetu ni la kuombea suluhu. Mchaga wa umri wake akiletewa isale hakatai.

Na mnaongea kana kwamba Waislamu lazima watoke Tanga. Moshi mjini Waislamu ni wengi, na Wachaga Waislamu wapo tena wa vizazi kadhaa. Nao Desemba wanapanda kihambani kama wenzao, maana kupanda si kwa sababu ya Krismasi peke yake. Ni wakati ambao ukoo unakutana, mashamba yanazungumzwa na makaburi yanafagiliwa. Mwambie mama yako hilo. Haendi kwenye sikukuu ya kanisa, anakwenda kumpa pole mjane mwenzake kwenye kaburi la mumewe.

Msifanye mzaha na suala la kisu. Mwaka 2013 kule Buseresere, Geita, mabishano ya nani achinje yaliua mtu. Lizungumzeni mapema, lisiibuke asubuhi ya tarehe 25 wakati mbuzi ameshafungwa kamba.

ShangaziWaUru

Meku umemaliza. Hilo la mjane mwenzake mimi sikuliona.

Nusu_Nusu

Mimi ni mtoto wa ndoa kama yenu, mama Mlutheri wa Machame, baba Mwislamu wa Korogwe. Niwape uzoefu wa upande wa watoto.

Desemba 2000 Krismasi iliangukia ndani ya Ramadhani, na Idi ikaandama siku mbili tatu baadaye. Tulikuwa kwa bibi Machame. Baba alifunga, wajomba walikula mchana huku wamempa mgongo kwa adabu, na bibi, Mlutheri wa kuimba kwaya, aliamka usiku kumpashia daku. Magharibi alimwekea uji wa pilipili manga aliofundishwa na mama. Sisi watoto tulikula mchana na jioni tukafuturu tena, hatukuona tatizo lolote. Tulivaa nguo mpya mara mbili ndani ya wiki moja, darasani hakuna aliyetufikia.

Kilichotusumbua ni wakubwa kunong'ona. Ukimwona shangazi anamvuta baba pembeni na sura imebadilika, unajua ni habari ya mbuzi au ubatizo, na chakula hakishuki. Semeni mbele yetu, tunaelewa.

Jiandaeni pia. Mwaka huu Jumatano ya Majivu ilikuwa 18 Februari na Ramadhani ikaingia siku hiyohiyo au kesho yake, kutegemea unafuata mwezi wa wapi. Na mwaka 2030 Ramadhani itaingia mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mara tu baada ya Krismasi. Mkipanda mwaka huo, mama atafunga akiwa hukohuko mlimani. Kwa hiyo mnachokipanga sasa mtakitumia tena.

Mbeba_Boksi_Sachsen

Nipo Ujerumani, acha nimtetee huyo shemeji Mjerumani. Huku tarehe 24 jioni ndiyo Krismasi yenyewe. Maduka yanafungwa mchana, watu wanakwenda kanisani, wanarudi, mti unawashwa, watoto wanafungua zawadi. Tarehe 25 na 26 ni za kula na kutembeleana. Kumwambia asubiri tarehe 25 ni kama kukwambia wewe ule daku saa sita mchana.

Lakini watoto wawili kufungua maboksi mbele ya binamu zao kumi na kitu waliokaa mikono mitupu, hapana. Mwandikieni mapema, kabla hajanunua. Wajerumani ukiwaambia jambo mapema na kwa uwazi hawakasiriki, wanakasirika wakilikuta. Alete vitu vya wote: mipira miwili ya ngozi, kamba za kuruka, michezo ya mezani. Vifunguliwe tarehe 24 jioni na watoto wote pamoja. Zawadi za wanawe binafsi wafungulie chumbani, au wapewe wakirudi Leipzig.

Na ibada haitamshinda. Walutheri wa Kilimanjaro walitokana na misheni ya Leipzig tangu 1893, kwa hiyo akifika kanisani atasikia tarumbeta zikipiga nyimbo ambazo bibi yake alimwimbia. Atalia, nawaambia. Mke wangu alilia.

MekuMstaafu

Hapo Old Moshi ndipo alipokaa Bruno Gutmann wa misheni hiyo miaka mingi, mpaka 1938. Aliandika sana habari za mila zetu, na hakupenda wazifute zote kwa sababu ya ubatizo. Mwambieni huyo binti wa Kijerumani, atafurahi. Na kama mjomba atasema Ulutheri na mila haviendi pamoja, mwambieni na yeye.

Kiburu_Sinia

Haya, naona uzi umekuwa wa historia. Swali langu: hawa Wachaga wameteremka Pangani lini? Kila Idi mgosi unakwenda na mkeo na watoto, mama mkwe hajawahi kukanyaga. Halafu mnataka mama wa watu apande mlima na miguu inayouma. Usawa uko wapi?

AbuSwaleh_Tanga

Leo umesema la maana. Ila msiwaalike Idi ya Mfunguo Mosi, ile ya kumaliza Ramadhani. Ile inategemea mwezi, watakata tiketi Ijumaa kumbe Idi ni Jumamosi, na kule Pangani kuna wanaoswali leo na wanaoswali kesho. Waiteni Idi ya kuchinja. Mwezi wa Mfunguo Tatu (Dhulhija) ukiandama unahesabu, siku ya kumi ndiyo sikukuu, kwa hiyo mna zaidi ya wiki ya kujipanga na basi. Mwakani itakuwa katikati ya Mei. Na siku hiyo ni ya kugawa nyama: fungu la nyumbani, la jamaa na jirani, la masikini. Mchaga kwenye kugawa nyama hahitaji mkalimani.

MgosiBweni

Nashukuruni nyote. Nawapa mrejesho, jana usiku tumempigia mama mkwe, spika ikiwa wazi, mama yangu amekaa pembeni.

Mke wangu alianza na sufuria kama ShangaziWaUru alivyosema. Mama mkwe akacheka, akasema sufuria ameshanunua, ya lita kumi, maana kwenye msiba wa mzee wageni wa Kiislamu walipikiwa mbali na akaona aibu kuazima. Kuhusu kuchinja, anasema kuna jirani yao, Mchaga Mwislamu, ndiye aliyewachinjia siku ya maziko. Mjomba alikuwapo na alikula! Leo ndiyo anajifanya mtunza mila. Suala la bakuli la damu amesema atamwambia yeye mwenyewe, na isale hataitumia, atatumia mdomo.

Mama yangu akaomba simu. Wakaongea muda mrefu juu ya miguu, wote wawili magoti yanawauma, wakaanza kupeana dawa. Mwisho mama akauliza kibla kwao kiko wapi, na mama mkwe akajibu kwamba jirani husali ameelekea mlimani.

Chumba atapewa cha nyuma, mbali na pipa. Bado anasema wiki nzima ni nyingi, anataka siku nne. Mke wangu anataka saba. Hilo sijui tutalimalizaje.

MekuMstaafu

Jirani yuko sahihi, kutoka Old Moshi Makka iko kaskazini, uliko mlima.

Siku nne hazitoshi kwa mtu aliyetoka Pangani. Tano.

Mbeba_Boksi_Sachsen

Mgosi, na Mjerumani mmeshamjibu kwenye kundi?

MgosiBweni

Bado. Kila mtu anasubiri mwenzake aanze kuandika Kiingereza.