Ushauri: filamu yangu ya kutisha ya "video iliyookotwa", mwanzoni niandike nini?

Mtoto_wa_Kenya
Salamu bandugu. Niko Lubumbashi, komini ya Kenya (ile ya kwetu, si nchi). Nimemaliza kupiga filamu ya kutisha, ile aina ambayo mtazamaji anaambiwa video ilikutwa ndani ya simu iliyookotwa. Kijana anamfuata ndugu yake kwenye kambi ya dini iliyojificha porini, upande wa barabara ya Kasenga, na hakuna anayerudi. Shida yangu ni moja tu: mwanzoni niandike "picha hizi ziliokotwa, waliomo hawajulikani walipo", ao niseme wazi ni hadithi? Kuna tamasha linaningoja na siku ya mwisho iko karibu. Silali. Nisaidieni upesi.

Fundi_Sauti
Maandishi si kitu, kijana. Kwenye aina hii swali ni hili: kwa nini huyo mtu hatupi simu akimbie? Usipolijibu, ukumbi utacheka. Na muziki usiweke kabisa, muziki wa nani porini? Acha upepo upige kwenye maiki, acha kitambaa cha mfuko kikwaruze, acha pumzi za anayeshika zisikike. Sauti mbaya ndiyo inayotisha, mradi maneno yasikike. Mimi nilipiga harusi hapa Goma, Himbi, jenereta ikafunika kiapo chote cha bwana harusi. Mpaka leo bibi yake ananiambia hana ushahidi kama aliolewa.

Mama_Divine
Weye mutoto, bintu ya Mungu haiko ya kuchezea. Leo unafanya filme ya kanisa, kesho njo utashangaa juu ya nini milango inafungana. Omba kwanza.

Mpenda_Picha_Dar
Mama, mbona ya kweli yanatisha kuliko filamu zote? Guyana, 18 Novemba 1978, kambi ya Jim Jones, mhubiri wa Kimarekani: walikufa zaidi ya watu 900, watoto kwa wazee, kwa sumu iliyochanganywa na kinywaji kitamu. Jioni hiyo hiyo, kwenye kiwanja kidogo cha ndege jirani, mpiga picha wa televisheni ya NBC aliendelea kurekodi wakati wenzake wanamiminiwa risasi, mpaka na yeye akapigwa. Kamera yake ilibaki na picha. Hiyo ndiyo video iliyookotwa, na haikuhitaji mwongozaji. Tena si mbali na sisi: Kanungu, Uganda, Machi 2000, watu waliteketea ndani ya kanisa lililofungwa. Shakahola, pwani ya Kenya, 2023, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msituni, watu waliofundishwa kufunga mpaka wafe.

Mwalimu_Ruashi
Wala usivuke mipaka yote hiyo. Miaka ya 1920, Tomo Nyirenda, aliyejiita Mwana Lesa, alitoka upande wa Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo) akaingia huku Katanga akibatiza. Aliyetajwa kuwa mchawi hakutoka tena majini. Waingereza walimnyonga 1926. Bibi yangu alitutisha kwa jina hilo tukichelewa mtoni.
Lakini wewe kadogo, nikuulize. Kambi nzima ya waumini, kijana asiye na pesa, waigizaji umewatoa wapi?

Mtoto_wa_Kenya
Ni watu ninaowafahamu, yaya. Waliitika wenyewe. Tusitoke kwenye swali, maandishi ya mwanzo niweke yapi?

Mwalimu_Ruashi
Waliitika kufanya nini?

Kipusa_wa_Kamalondo
Mimi naomba tu kujua kama kuna mapenzi ndani. Filamu za kutisha zisizo na mapenzi naona kama bukari bila mboga 😂

Mwalimu_Ruashi
Bado nangoja jibu.

Mtoto_wa_Kenya
Sawa. Si waigizaji. Ni kundi la maombi, wanaenda porini kufunga kavu na kukesha, halafu wanarudi mjini kwenye kazi zao. Waliniomba niwapigie video ya shuhuda. Nikapiga. Nilipoanza kuihariri nikaona hadithi nyingine iko mle mle, sikuongeza kitu. Pasta anasema "kila mutu akamate kikombe yake". Wanafungua mfungo kwa uji wa sukari, lakini ukikata pale kabla sufuria haijaonekana, nywele zinasimama. Mwanamke mmoja anasema "Jumapili tunatoka wote pamoja, hakuna mutu atabakia huku". Alikuwa anatangaza habari za lori la kurudi mjini. Ukiiweka usiku, na taa ya simu usoni, ni kitu kingine kabisa.
Msinihukumu. Kila anayehariri anakata. Na wao ni watu wazima, walijua simu inarekodi.

Fundi_Sauti
Lo! Hiyo ya lori ni kali. Lakini uliiweka usiku vipi kama alisema mchana? Ulipunguza mwanga?

Mtoto_wa_Kenya
Alisema jioni, giza likiingia. Niliongeza giza kidogo tu.

Wakili_wa_Mtaa
Hapo hakuna tena sanaa, kuna kesi. Kukubali kupigwa video ya shuhuda si kukubali kuonyeshwa kama kundi linalojiua. Sheria yetu ya jinai ina kosa la kumbandika mtu jambo la kumvunjia heshima, na tangu 2023 tuna sheria ya numeriki ("code du numérique") kwa yanayopita mtandaoni. Mwaka 1980 Mtaliano mmoja alitoa filamu ya namna hii, akashtakiwa kwao kwamba ameua watu kweli, ikabidi awaonyeshe waigizaji wakiwa hai. Yeye alikuwa na waigizaji. Wewe ukiitwa utapeleka nani?
Na huyo mwanamke wa lori ni nani yako? Umeandika juu yake kwa uangalifu kuliko pasta.

Mtoto_wa_Kenya
Ni mama.
Lakini nitafunika uso wake. Yeye mwenyewe alichukua simu, akaifuta kioo cha kamera na kitenge, akaniuliza "inakamata muzuri?" kisha akasema usikate yangu. Sijakata hata neno. Na mniambie, kwa miaka yote hii nani alikuwa anamuuliza yeye akiuza meza na viti tukachangie lile shamba la maombi? Hakuna mtu aliyeitwa mahakamani.

Mama_Divine
Uso unafunika, sauti je? Miye nitajua sauti ya mama yangu hata ndani ya soko ya Kenya siku ya sikukuu. Na weye unasema haukate, lakini lori uliikata.

Dada_Likasi
Mimi namwelewa kijana. Tantine yangu aliuza parseli, kiwanja chake, kwa ajili ya nabii, sasa anapanga chumba. Tungekuwa na filamu kama hiyo labda angeamka. Lakini pia wapo Bapostolo jirani zetu, nguo nyeupe, wanaomba chini ya mti, hawana ubaya na mtu. Filamu kama hii ikitoka, watoto watawatupia mawe hao.

Jaji_Kimya
Samahani, mimi siamini hata mstari mmoja. Akaunti imefunguliwa wiki hii. Kwanza "watu ninaowafahamu", kisha "waumini", kisha "mama". Kila akibanwa anatoa kipande kitamu zaidi. Wamarekani walifanya hivi 1999: kabla filamu haijaingia sinema, wakajaza intaneti habari za wanafunzi watatu waliopotea msituni. Watu wakaamini, fedha zikaingia. Ndugu zangu, huu uzi ndio trela. Na sisi wote tumo ndani bila kulipwa.

Kipusa_wa_Kamalondo
Kama ni hivyo naomba jina langu liandikwe kubwa mwishoni 😂

Mpenda_Picha_Dar
Jaji ana hoja. "Hakuna mutu atabakia huku" ni sentensi nzuri mno kutoka kwa mtu anayetangaza lori.

Dada_Likasi
Nzuri mno? Mama zetu wanaongea hivyo kila siku. Wewe wa Dar ndiye hujawahi kuachwa na lori.

Mtoto_wa_Kenya
Fikirieni mnavyotaka. Ingekuwa uongo ningechagua mama wa mtu mwingine. Nimeshajaza fomu ya tamasha, bado tu kubonyeza. Na kuna jambo lingine: mama amewaambia wote kwamba video iko tayari. Jumapili baada ya ibada wanataka kuiona, pasta ametafuta projekta.

Wakili_wa_Mtaa
Basi waonyeshe ile uliyowaahidi, nzima, na lori ndani. Halafu uwaambie kuna ya pili, uombe ruhusa ukiwatazama machoni. Wakikataa, tafuta waigizaji.

Jaji_Kimya
Projekta sasa! Sikuwaambia? Kesho atakuja na malaika.

Fundi_Sauti
Mtoto_wa_Kenya, projekta za makanisa nyingi ni za zamani, hazina tundu la HDMI. Beba adapta na spika yako mwenyewe. Na jaribu Jumamosi, umeme ukiwepo.