Umewahi kumshonea mnyama wa manyoya vazi la mhusika? Njoo tupeane uzoefu

#1 (mwanzisha mada)

Wakuu, uzi huu ni wetu sisi tunaowavisha wanasesere wa wanyama: dubu anakuwa haramia, simba anakuwa zimamoto, tembo anakuwa malkia. Naongelea vazi ulilolikata na kulishona kwa mkono wako, hata kama lilitokana na soksi iliyopoteza mwenzake.

Naanza mimi. Binti yangu ana sungura wa manyoya ambaye bila yeye usingizi hauji. Akataka sungura awe mwanaanga. Nilianzia kwenye kofia, maana mwanaanga bila kofia ni mtu mwenye ovaroli nyeupe tu. Masikio niliyaacha yatokeze kwa juu, kwenye matundu mawili niliyoyazungushia uzi wa kijivu. Sungura ukimficha masikio, mtoto hamtambui tena. Kioo cha usoni nilikitengeneza kwa karatasi laini ya rangi ya dhahabu, kwa sababu kofia halisi za wanaanga zina utando mwembamba sana wa dhahabu unaokinga jua kali. Kinafunguka kwenda juu, kwa kuwa mtoto anataka kuyaona macho ya rafiki yake.

Msimamo wangu ni huu: tafuta alama moja au mbili zinazomtambulisha mhusika, uzifanye vizuri sana, halafu mwache mnyama abaki mwenyewe. Leteni ya kwenu.

#2

Nashona nguo za watu, ndiyo kazi yangu, na wajukuu ndio walioniingiza huku. Jambo la kwanza ninalomwambia kila anayeniuliza: usichukue kipimo cha nguo ya mtoto ukakipunguza. Mwanasesere ana kichwa kinachozidi mabega, shingo karibu haipo, tumbo limetangulia mbele na miguu imetazama nje kwa sababu ameumbwa akae. Suruali iliyokatwa kwa mtu aliyesimama itamvuka kiunoni kila akiketi.

Mimi namviringishia plastiki nyembamba ile ya kufunikia vyombo, mwili mzima isipokuwa kichwa. Juu yake nabandika utepe wa gundi wa karatasi, vipande vifupi vifupi vinavyopandana, mpaka nipate gamba. Kisha nachora kwa kalamu mahali mishono itakapopita: mabegani, ubavuni, katikati ya mgongo, na duara kuzunguka mkia. Nakata taratibu kufuata mistari, plastiki na utepe kwa pamoja, na mwenyewe anatoka bila kupoteza hata unyoya. Kipande kinachogoma kulala bapa, kwa kawaida cha tumbo, nakichanja kutoka ukingoni kuingia ndani. Mwanya unaofunguka hapo ndipo panapotakiwa mkunjo wa kushona. Baada ya hapo naongeza milimita 6 za mshono kila upande, na sentimita 1 au zaidi ya nafasi, kutegemea urefu wa manyoya.

Na mgongo wote uwe wazi, kuanzia shingoni hadi chini ya mkia. Usihangaike kupitisha nguo kichwani, haipiti.

#3

Mkuu #2, ubarikiwe, hilo la gamba nitalitumia leo leo.

Langu ni joho, kwa sababu nusu ya wahusika wote duniani wanavaa joho: wafalme, wachawi, mashujaa wanaoruka. Watu wengi hukata mstatili na kuukunja shingoni, nalo linamkaa mnyama limevimba mabegani. Kata nusu duara. Pima shingo, gawanya kwa 3.14, unapata nusu kipenyo cha tundu la shingo. Shingo ya sentimita 22 inakupa 7. Kutoka hapo ongeza urefu unaoutaka kwenda chini. Linaanguka vizuri mno, na mtoto akikimbia naye linapepea lenyewe. Ukitumia felti (kitambaa cha nyuzi zilizoshindiliwa, kisichofumwa) huhitaji hata pindo, maana felti haichomoki nyuzi, ila huwa ngumu kidogo. Kitambaa chepesi chenye bitana ya rangi nyingine kinapendeza zaidi.

#4

Jamani velkro (utepe wa kufungia wenye kulabu upande mmoja) inanasa manyoya! Dubu wa mwanangu ameanza kuwa na upara mgongoni. Mnafungaje?

#5

Dada #4, nguo ikifungwa mgongoni, ukingo mmoja unalala juu ya mwingine: upande wenye kulabu ushone kwenye ukingo wa chini, kulabu zitazame nje. Ule laini uwe kwenye ukingo wa juu, ndio utazame mwili. Hata likifungwa vibaya, manyoya yanagusana na upande laini tu. Manyoya yakiwa marefu sana, achana na velkro kabisa, weka vifungo vya kubonyeza.

#6

Hadithi yangu ina uzito kidogo, mnivumilie.

Mwanangu alikuwa anasubiri upasuaji, naye ana tembo wa manyoya. Hakuwa anaogopa sindano, alikuwa anaogopa watu waliofunika nyuso. Basi nikamshonea tembo vazi la daktari wa upasuaji: gauni la kijani la kufungia nyuma, kofia, na barakoa. Barakoa ndiyo iliyonichukua muda, maana tembo ana mkonga. Nilishona mfuko mrefu unaouvaa mkonga wote, wenye kamba mbili zinazopita nyuma ya masikio. Kila jioni mtoto alimvisha na kumvua barakoa, akamwona ni yule yule tembo ndani yake.

Niliwauliza wauguzi mapema kama anaweza kuingia naye. Walikubali, kwa sharti kwamba mnyama na nguo vifuliwe kwanza. Kwa hiyo nilitumia pamba tupu, bila kifungo wala pambo la kubandika. Daktari alipokuja na barakoa yake, mwanangu alimwonyesha ya tembo. Walilinganisha. Aliingia ndani bila kulia.

#7

#6, nimesoma mara mbili. Mungu amzidishie afya.

#8

Naongezea la usalama, kwa sababu nimeona wengi wanapenda shanga na vifungo vya kung'aa. Mtoto chini ya miaka 3 bado kila kitu anakipeleka mdomoni. Vipimo vya usalama wa vitu vya kuchezea hutumia mrija wenye kipenyo cha milimita 31.7, na kinachotosha kuingia mzima humo kinahesabiwa kuwa kinaweza kumkaba. Kwa hiyo medali, macho, vifungo, vyote vidarizi kwa uzi. Vinapendeza vilevile na havidondoki.

Gundi ya moto nayo iepukeni kwenye mwili wa mnyama. Manyoya mengi ni poliesta au akriliki, joto linayayeyusha na hayarudi. Pasi vilevile: piga nguo ikiwa mezani, isiwe imevaliwa.

#9

Mwanzisha mada, nakupinga kwa heshima. Alama moja haitoshi! Watoto wanakagua. Haramia wangu ana mfuko, na mfuko huo unaingia sarafu ya kweli. Ana mkanda unaofunguka. Mchezo unaishi kwenye vitu vinavyofunguka na kufungwa. Ukishona mfuko wa uongo, utaulizwa kwa nini hauingii mkono.

#1

#9, kwa mfuko nimekubali kabisa. Sasa mwanaanga wetu ameombwa awe nyuki. Mwili nimeshaupata kwa njia ya #2, mistari myeusi na njano tayari. Mbawa je? Zinatakiwa zipitishe mwanga lakini zisilegee.

#3

Oganza (kitambaa chembamba kigumu kidogo kinachopitisha mwanga), matabaka mawili. Chora mishipa ya bawa, ipite kwa cherehani kwa uzi mweusi, mishono iwe karibu karibu. Mishono hiyo ndiyo itakayolisimamisha bawa, huhitaji waya. Kata nje ya mshono wa ukingo ukiacha milimita 2. Zishone kwenye kipande cha felti, na hicho ndicho kiende mgongoni. Na ziwe 4, mkuu, kubwa mbili mbele, ndogo mbili nyuma. Nyuki ana jozi mbili, na kama #9 alivyosema, watoto wanakagua.