Tupeane uzoefu: mtihani wa kumhoji mgonjwa ulikutoa jasho wapi?

Koti Jipya
Wakuu habari. Wiki ijayo nina OSCE yangu ya kwanza (ule mtihani wa vitendo wa udaktari, unapita stesheni kwa stesheni na mgonjwa ni wa kuigiza), ya kuchukua historia ya mgonjwa, leo nafanya mazoezi na mwenzangu nikaganda. Nimeuliza jina, umri, nini kimekuleta, kasema kichwa kinauma, basi, maswali yote yakayeyuka. Mliopita huko ilikuwaje?

Mama Wawili
Umenikumbusha mbali mdogo wangu. Wangu alikuwa mama wa makamo, kashika kikaratasi kilichokunjwa mara nne, anakizungusha vidoleni dakika zote nane. Mimi nimekariri SOCRATES yangu, ile orodha ya maswali ya maumivu: maumivu yako wapi, yameanza lini, yakoje, yanasambaa, nini kinayazidisha, nikatoka kifua mbele. Kumbe kile kikaratasi ndo orodha ya dawa zake na kaambiwa asikitoe mpaka aulizwe!! Dawa sikuuliza, aleji sikuuliza. Nilirudia mtihani, na mpaka leo mgonjwa akiingia naanza kumwangalia mikono.

Stetho
Dawa na aleji zimewaliza wengi, mi mmojawapo.

Kengele
Ndo maana nasema kariri, kariri tena. Ukipaniki kichwa kinabaki na ulichokariri tu.

Sikio
Hapana mkuu, huko ndiko mnakoharibu. Utafiti wa Beckman na Frankel wa 1984 ulikuta madaktari wanamkatiza mgonjwa baada ya sekunde 18 kwa wastani. Mwache aongee kwanza, halafu muulize anadhani ni nini na anaogopa nini, nusu ya historia anakupa mwenyewe.

Kengele
Stesheni ya dakika tano umwache aongee? Unampoteza mwenzio.

Sikio
Dakika moja tu nimwache, mbona nne zinabaki?

Zamu ya Usiku
Jamani subirini. Wangu aliigiza maumivu ya mgongo, nilikuwa mtu wa mwisho mwisho kuingia. Katikati nikaona jasho linamtiririka mpaka kwenye kola, vidole vinatetemeka, namuuliza kazi yake ananijibu jina la mwanae. Nikajua anaigiza, nikaendelea na swali linalofuata, Mungu anisamehe. Swali la pili akanitazama kama hanioni, nikaweka kalamu chini nikamwambia mtahini huyu anaumwa kweli. Akanijibu endelea, muda unakwenda. Nikagoma, nikafungua mlango nikaita watu. Kumbe ana kisukari, kachoma insulini asubuhi na hajala kitu tangu mtihani uanze. Sukari ilikuwa imeshuka vibaya.

Stetho
Weee! Akapona?

Koti Jipya
Na maksi je??

Zamu ya Usiku
Alikuwa bado anameza, akapewa juisi, baada ya kama robo saa akawa anaongea vizuri, ndipo akapewa chakula. Mimi nilirudia stesheni jioni na mgonjwa mwingine. Ila ile sauti ya "endelea" sijaisahau.

Kengele
Hapo dada nimekuvulia kofia. Lakini ungekuwa umekosea ungefeli.

Mama Wawili
Afeli tu, bora afeli kuliko mtu azime mbele yake!

Sikio
Koti Jipya, usiku wa kuamkia mtihani lala.

Stetho
Alale na historia hajafanya hata ishirini? Fanya kwa sauti, na saa mezani.

Koti Jipya
Asanteni sana. Kesho jioni natafuta wa kunichezea mgonjwa, awe mgumu, asinipe jibu mpaka niulize.

Mama Wawili
Nipo. Nakuja na kikaratasi changu.